Nani Mwenye Mlima? Maumbile, Kazi na Umilikaji katika Historia ya Meru

Katika madarasa ya itikadi na hata katika vyuo vyetu husikika mara kwa mara hoja kwamba kila watu wana namna yao ya kuyaona maumbile. Mfugaji akitazama uwanda huona malisho. Mkulima huona shamba. Mwindaji huona nyama. Mtalii huona mandhari ya kupigwa picha. Hoja hii ni ya kweli, lakini ni ukweli wa juu juu. Haijibu swali la msingi: macho hayo yametoka wapi?

Wanazuoni wa kikoloni walikuwa na jibu lao. Walisema macho hayo yametoka katika damu na mila za kila kabila, nayo hayabadiliki. Jibu hilo liliwafaa sana. Ukikwisha kukubali kwamba Mwafrika, kwa asili yake, hajui thamani ya ardhi, msitu na maji, umekwisha kukubali pia kwamba mwingine anayejua apewe ardhi hiyo.

Makala haya yanashika msimamo ulio kinyume cha huo. Binadamu huyaona maumbile kwa kadiri anavyofanya kazi ndani yake, na kwa kadiri anavyoyamiliki. Kazi ikibadilika, jicho hubadilika. Mwenye mali akibadilika, jicho linalotawala hubadilika pia, na hapo ndipo siasa inapoingia. Kuthibitisha jambo hilo tutautazama mlima mmoja tu, Mlima Meru, ambao katika muda wa miaka isiyozidi mia mbili umetazamwa na wakulima, wafugaji, askari wa Kaiser, masetla, wapiga picha za sinema na Serikali huru.

Mlima wa Mkulima

Mlima Meru ni volkano yenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Miteremko yake ya kusini na mashariki hupata mvua ya kutosha na ina udongo mzuri wa volkano. Upande wa kaskazini ni mkavu. Wameru, ambao lugha yao inakaribiana sana na Kichaga cha Machame, walifika katika miteremko ya kusini-mashariki wakitokea upande wa Kilimanjaro zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Uchumi wao ulijengwa juu ya tofauti hizo za mlima. Katikati ya mteremko palikuwa na kihamba: nyumba, migomba, na ng'ombe wachache waliolishwa zizini ili samadi yao irudi kwenye migomba. Mifereji iliyochimbwa na kusafishwa kwa kazi ya pamoja ilichepusha maji ya mito na kuyapeleka mashambani. Chini ya vihamba palikuwa na mashamba ya msimu. Juu ya vihamba palikuwa na msitu uliotoa kuni, mbao, asali na dawa. Na kwenye nyanda kavu, hasa upande wa kaskazini, palikuwa na malisho ya mifugo na magadi.

Msomaji azingatie jambo moja hapa, maana ndilo ufunguo wa yote yatakayofuata. Kwa mkulima wa Meru sehemu hizo zote zilikuwa shamba moja. Uwanda wa kaskazini ambao haukuwa na nyumba wala mgomba haukuwa mtupu. Ulikuwa zizi la akiba. Msitu ambao haukuwa na jembe ndani yake haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Ulikuwa ghala na chemchemi. Kuondoa sehemu moja ilikuwa ni kama kung'oa figa moja na kutaraji chungu kibaki jikoni.

Hatusemi kwamba jamii hiyo ilikuwa pepo. Ardhi ilirithiwa na wanaume, na mzigo mkubwa wa kazi ya kila siku, kuanzia kukata majani ya ng'ombe hadi kubeba ndizi sokoni, uliwaangukia wanawake. Palikuwa na wakubwa na wadogo, vita na uporaji wa mifugo. Kadiri watu walivyoongezeka, msitu ulifyekwa ili kupata vihamba vipya. Watu hawa hawakuwa walinzi wa maumbile kwa sababu ya utakatifu wa roho zao. Walitunza chemchemi kwa sababu asiyetunza chemchemi hali.

Funzo la Waarusha

Iwapo jicho la mtu limo katika damu yake, basi Waarusha wasingeweza kueleweka. Hawa waliletwa na historia katika miteremko ya kusini-magharibi ya Meru mnamo miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, kusini mwa Moshi. Lugha yao ni Kimaa. Utaratibu wao wa marika na viongozi wake ni ule ule wa Wamasai wa uwandani, na waliendelea kushirikiana nao katika sherehe, ndoa na biashara. Kwa mujibu wa nadharia ya kikoloni, walipaswa kuutazama mlima kwa jicho la mfugaji na kudharau jembe.

Walifanya nini? Walifyeka msitu, wakapanda migomba, mahindi na maharage, wakawa miongoni mwa wakulima hodari kabisa wa eneo lile. Mti wa oreteti waliendelea kuuheshimu kama Wamasai wanavyouheshimu, na papo hapo wakalima miteremko kama jirani zao Wameru. Wameru nao, kwa upande wao, waliiga utaratibu wa marika kutoka kwa Waarusha. Basi utamaduni haukuwa ukuta kati ya watu wawili. Ulikuwa soko, kila mmoja akichukua kilichomfaa kwa kazi iliyokuwa mbele yake.

Wala mlima na uwanda havikuwa maadui. Mfugaji aliyepungukiwa wakati wa ukame alipata nafaka na ndizi mlimani. Mkulima alipata mifugo na ngozi kutoka uwandani. Maneno ya Kimaa yaliyobaki katika ramani yetu, kama Engare Nanyuki, yaani maji mekundu, na Ngarenaro mjini Arusha, ni kumbukumbu ya watu waliojua kila mto kwa rangi na tabia yake.

Jicho la Mwenye Bunduki

Ukoloni ulimkuta mkulima na mfugaji wakiwa wamekwisha kudhoofika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe katika Afrika Mashariki yote, nayo ndui na njaa zikafuata. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa chama cha Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Wajerumani walijibu kwa misafara ya kuadhibu: nyumba zilichomwa, ng'ombe walitekwa, migomba ilikatwa. Adui alijua mahali pa kupiga. Aliyekata mgomba alikuwa anakata mizizi ya jamii nzima. Machi 2, 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Katika muda huo huo Boma la Arusha lilijengwa, na kulizunguka ukaanza mji.

Lakini bunduki peke yake haimiliki ardhi. Inahitaji sheria. Amri ya Kaiser ya mwaka 1895 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola ya Kijerumani. Hapo ndipo jicho la mkoloni lilipofanya kazi yake. Afisa alipopanda farasi na kuzunguka mlima aliona vihamba, akakubali kwamba vina wenyewe. Alipofika kwenye malisho ya kiangazi, mashamba yaliyopumzishwa na msitu, hakuona nyumba. Akaandika kwamba hapana mwenyewe. Kwa kalamu moja, shamba lile moja la mkulima lilikatwa vipande vitatu, na vipande viwili kati ya vitatu vikaporwa.

Tangu mwaka 1905 hivi Makaburu kutoka Afrika ya Kusini, na baada yao masetla wa Kijerumani, walipewa mashamba makubwa kuuzunguka mlima upande wa chini. Upande wa juu msitu ukawekewa mipaka kuwa mali ya serikali. Hadi Vita Kuu ya Kwanza, Wameru na Waarusha walikuwa wamebanwa katikati: juu msitu wa serikali, chini mashamba ya masetla. Watu na mifugo waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Ng'ombe wa Mmeru aliyekwenda kunywa maji au kutafuta magadi alilazimika kupita katika ardhi ya setla.

Waingereza walipochukua Tanganyika walikuwa na nafasi ya kuivunja pete hiyo. Mashamba ya Wajerumani yalikuwa yametaifishwa kama mali ya adui. Lakini mengi yaliuzwa tena kwa masetla wapya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi yote ya nchi chini ya mamlaka ya Gavana. Kisha, watu waliobanwa walipolima miteremko mikali na kulisha majani hadi yakaisha, wataalamu wa kikoloni walikuja na jibu: Waafrika wanaharibu udongo. Mnyang'anyi alimfunga mtu kamba shingoni, kisha akamlaumu kwa kuhema.

Engare Nanyuki, 1951

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza matatizo ya ardhi ya Moshi na Arusha. Ripoti yake ya mwaka 1947 ilikiri kwamba watu wamebanwa, na ilipendekeza baadhi ya ardhi warudishiwe. Lakini ilipendekeza pia kwamba Wameru waondoke Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, ili masetla wapate eneo moja lisilokatika kati ya Meru na Kilimanjaro kwa ufugaji wa ng'ombe wa nyama na maziwa. Wameru wangehamishiwa King'ori, chini zaidi, mahali pa joto, penye malaria na mbung'o.

Hapa hoja ya utamaduni na maumbile ilifika kilele chake. Serikali ilidai kwamba inatetea maendeleo: ng'ombe wa kisasa, maziwa kwa soko, matumizi bora ya ardhi. Katika jicho lake ng'ombe wa setla alikuwa uchumi, na ng'ombe wa Mmeru, akila majani yale yale na kunywa maji yale yale, alikuwa uharibifu. Tofauti haikuwa katika ng'ombe wala katika majani. Ilikuwa katika swali la nani anayemiliki.

Novemba 1951 polisi waliingia Engare Nanyuki. Watu wapatao elfu tatu waliondolewa, nyumba zao zikachomwa na kubomolewa, na mifugo mingi ikafa njiani na huko ilikopelekwa. Wameru walikataa fidia, na wengi wakakataa kwenda King'ori. Kupokea fedha kungekuwa ni kukubali kwamba ardhi ilikuwa bidhaa na kwamba imekwisha kuuzwa.

Walipigana kwa silaha nyingine. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na watu wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko. Kwa michango ya wananchi, na kwa kazi ya umoja wao, Kirilo Japhet alisafiri hadi New York mwaka 1952, na pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, akaieleza Halmashauri ya Udhamini mashtaka ya watu wake. Katika mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa azimio la kuwatetea Wameru lilipata kura nyingi, lakini halikufikia theluthi mbili zilizotakiwa.

Je, walishindwa? Kwa hesabu ya kura, ndiyo. Kwa hesabu ya historia, hapana. Habari za Meru zilienea Tanganyika nzima. Mkulima wa mbali ambaye hajawahi kuuona Mlima Meru alielewa kwamba kilichompata Mmeru kinaweza kumpata yeye, na kwamba mila na wazee wa sehemu moja hawatoshi kuilinda ardhi kama dola iko mikononi mwa wageni. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Halmashauri ile ile ya Udhamini, safari hii kwa niaba ya nchi nzima.

Mlima wa Taifa

Uhuru ulirithi ramani. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, eneo la Ngurdoto, upande wa mashariki wa mlima, lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Siku zile zile wapiga sinema wa Marekani walikuwa Momella wakipiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ambayo iliwaonyesha watazamaji wa dunia nchi ya wanyama na wakamataji wa wanyama, na wenyeji wakiwa pembeni. Septemba 1961, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Arusha, Mwalimu alitoa tamko kwamba viongozi wa Tanganyika wanaubeba wajibu wa kuwatunza wanyamapori kwa manufaa ya vizazi vijavyo. Mwaka 1967 mlima uliongezwa katika hifadhi, nayo ikaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Baadaye ilipanuliwa tena na kuchukua sehemu ya msitu wa hifadhi.

Mwaka huo huo wa 1967, mjini Arusha, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio. Makada wengi hukumbuka mabenki na viwanda. Wachache hukumbuka kwamba katika orodha ya njia kuu za uchumi Azimio lilitaja ardhi, misitu na maji. Maana yake ni kubwa. Maumbile yalitolewa katika daraja la mandhari na kuwekwa katika daraja la njia za uzalishaji, na umilikaji wake ukawa suala la wakulima na wafanyakazi. Ilikuwa haki kwamba kilele cha Meru kilipewa jina la Ujamaa.

Hata hivyo umma kumiliki kwa sheria ni jambo moja, na umma kuona kwamba unamiliki ni jambo jingine. Mpaka uliochorwa ili kumzuia Mmeru haugeuki kuwa mpaka wake kwa sababu tu bendera imebadilika. Mkulima anayeishi ukingoni mwa hifadhi, ambaye mahindi yake huliwa na nyani kwa siku moja, na ambaye mjukuu wake hajawahi kuingia hifadhini ila kwa kuiona kwa mbali, anaweza kuutazama msitu ule kama babu yake alivyoutazama uzio wa setla. Tukimwambia kwamba hana utamaduni wa uhifadhi, tunarudia kauli ya wanazuoni wale tulioanza nao.

Upande wa pili nao usemwe kwa ukweli. Wako wanaodai kwamba dawa ni kufuta mipaka yote na kurudi kwa wazee. Hawa wanasahau hesabu. Jiji la Arusha peke yake lilikuwa na zaidi ya watu laki sita katika sensa ya 2022, na linakunywa maji yanayotoka katika mlima ule ule. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mashamba ya maua ya kuuzwa Ulaya nayo yaliingia Usa River na Tengeru, yakitaka maji na ardhi. Msitu wa juu ukiisha, atakayeumia wa kwanza ni mkulima wa kihamba, na si tajiri anayeweza kuchimba kisima kirefu.

Mila nayo haijui kila kitu. Maji mengi yanayozunguka Meru yana madini ya floraidi kutokana na volkano. Jina la Maji ya Chai linaonyesha kwamba wenyeji waliiona rangi ya mto wao. Floraidi haina rangi wala ladha ya kuitambulisha. Kwa vizazi vingi meno yaligeuka kahawia na mifupa ya baadhi ya watoto ikapinda bila sababu kujulikana. Hata magadi yanayolainisha maharage jikoni huongeza sumu hiyo mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri kiasi kisizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na visima na mito mingi ya eneo hili huzidi kiasi hicho. Kugundua hayo kulihitaji maabara. Ndiyo maana kituo cha Ngurdoto, ambacho kazi yake imekuwa kutafuta njia za kuondoa floraidi katika maji, kina umuhimu mkubwa katika historia ya ukombozi wa watu hawa. Mkulima alijua mto unapita wapi na hukauka lini. Sayansi ilijua ndani ya mto mna nini. Mmoja bila ya mwingine ni kipofu wa jicho moja.

Wajibu wa Kada

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, kada asikubali maelezo yoyote ya uharibifu wa mazingira yanayoanza na mila za watu na kuishia hapo. Aulize ardhi iligawanywaje, nani alibanwa, lini na kwa amri ya nani. Mteremko uliomomonyoka una historia, na mara nyingi historia hiyo ina tarehe na sahihi.

Pili, palipo na mpaka wa hifadhi au wa msitu, wananchi wanaoishi kando yake washirikishwe katika kuulinda na katika kunufaika nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zimeweka msingi: kijiji kinaweza kusimamia ardhi yake na kuwa na msitu wake. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haioti mti. Kazi ya tawi ni kuifikisha katika mkutano mkuu wa kijiji, isomwe kwa lugha inayoeleweka, na wanawake, ambao ndio wanaobeba maji na kuni, wawe wa kwanza kusikilizwa.

Tatu, elimu ya wazee na elimu ya maabara zikutanishwe. Mzee ajuaye chemchemi iliyokauka na kijana ajuaye kupima maji wakae katika kamati moja. Kumdharau mmoja wao ni anasa ambayo nchi yetu haina uwezo nayo.

Boma la Wajerumani bado limesimama Arusha, na siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mahali palipotolewa amri za kikoloni, watoto wa shule sasa hujifunza habari za mimea na wanyama wa nchi yao. Hilo ni badiliko la kweli, nalo lilipatikana kwa mapambano. Lakini mtoto huyo akitoka nje na kuutazama mlima, aambiwe pia habari za Engare Nanyuki. Asipoambiwa ataona mandhari tu. Akiambiwa, ataona mali yake, na mtu huilinda mali anayojua kuwa ni yake.